Mabinti wa Chaki: Walicheza Vita Sakafuni, Nyambizi za Hitler Zikakimbia

Sheria ya ukurasa huu mnaijua: wakubwa hatuwataji majina, nyie ndio mnawamwaga kwenye komenti. Leo hakuna msanii wala mchepuko wa mtu. Leo kuna mabinti wa miaka 20 hivi, chaki mkononi, na wazee wenye nyota mabegani ambao walipigwa kwenye gemu mpaka wakanyamaza.

Kwanza tuelewane. Kuna mchezo wengi wetu tumeuona YouTube tu: mezani kuna vilima vya bandia, nyumba ndogo ndogo na visanamu vya askari vilivyopakwa rangi kwa brashi nyembamba kama kope. Mtu anapima kwa futi askari wake wanaweza kusogea umbali gani, anarusha dadu kujua risasi imempata adui au imepita. Wengine hawatumii visanamu, wanatumia ramani na vipande vya karatasi ngumu. Ni michezo ya vita ya mezani. Ukiangalia hizo video, kuanzia mshindani mpaka mpiga picha, ni wanaume watupu. Siku hizi kuna mjadala mkubwa huko Uingereza na Marekani kuhusu namna ya kuwakaribisha wanawake kwenye michezo hii.

Mimi hilo neno kuwakaribisha ndilo lililonifanya nianze kuchimba. Maana unamkaribisha mgeni. Sasa sikia mgeni mwenyewe ni nani.

Mchezo huu haukuanza kama burudani ya watoto. Mwanzoni mwa karne ya 19, Prussia, yaani sehemu ya Ujerumani ya leo, kulikuwa na baba na mwanawe. Mwaka 1812 baba alimtengenezea mfalme meza ya kuchezea vita, na mwaka 1824 kijana akaboresha sheria zake, ukawa wa kucheza kwenye ramani. Maofisa wa jeshi wakaanza kuutumia kujifunza kazi. Wazo ni rahisi: bora ukosee mezani, ambako anayekufa ni kipande cha mbao, kuliko ukosee uwanjani. Majeshi mengine yakaiga.

Mwaka 1913 mwandishi mmoja mkubwa wa Uingereza, yule wa hadithi za sayansi, akatoa kitabu cha sheria za kuchezea vita kwa visanamu nyumbani. Kinaitwa Little Wars. Jamaa aliandika mpaka kwenye jalada kwamba mchezo wake ni wa wavulana wa rika zote, halafu wasichana akawaachia kiupenyo: wale tu wenye akili kuliko wenzao. Yaani mlango ulifunguliwa kidogo, ila kwa dharau. Kumbuka hicho kitabu, maana baada ya miaka 29 tu ndipo wasichana walipoingia wenyewe, na hawakupita kwenye upenyo.

Twende Liverpool, Januari 1942.

Uingereza ni kisiwa. Chakula, mafuta, silaha, vyote vilikuwa vinakuja kwa meli kupitia Bahari ya Atlantiki. Meli za mizigo zilikuwa zinasafiri kwa msafara, nyingi kwa pamoja, zimepangwa kwa mistari, na pembeni kuna meli za kivita chache za kuzisindikiza. Nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazila kama mchwa. Mwaka 1942 peke yake zilizamisha zaidi ya meli 1,000. Hesabu ya hapo haihitaji kalamu: meli zikiendelea kuzama hivyo, nchi inalala njaa, vita vimekwisha.

Wakubwa wakamwita kapteni mmoja ambaye jeshi la majini lilishamstaafisha mwaka 1938 kwa sababu ya kifua kikuu. Mgonjwa, kazi hana, lakini alikuwa na sifa moja: alikuwa amefundisha michezo ya vita zamani. Wakampa vyumba ghorofa ya juu kwenye jengo linaloitwa Derby House, kule kule makao makuu ya vita vya Atlantiki yalikokuwa. Kitengo kikapewa jina refu, Western Approaches Tactical Unit, kifupi WATU. (Ndiyo, WATU. Sikutunga mimi.)

Sasa wafanyakazi. Wanaume walikuwa baharini. Akaletewa wasichana wa WRNS, kikosi cha wanawake cha jeshi la majini, ambao kila mtu aliwaita Wren, jina la ndege mdogo. Wengi walikuwa na umri wa chuo. Wengine walikuwa wametoka sekondari juzi tu. Vita vya baharini walikuwa hawajawahi kuviona kwa macho yao.

Wakaweka bahari sakafuni. Wakaigawa kwa mistari, wakaweka meli ndogo za kuchezea, na pembeni wakasimamisha mapazia ya turubai yenye vitundu. Ofisa anayecheza kama nahodha wa meli ya kusindikiza anakaa nyuma ya pazia na kuchungulia kupitia kitundu, ili aone kile tu ambacho angekiona baharini usiku, yaani kidogo sana. Kila raundi ni dakika 2 za vita. Wasichana wanapiga magoti sakafuni wanasogeza meli na kuchora njia zake kwa chaki. Njia ya meli wanaichora kwa chaki nyeupe. Njia ya nyambizi wanaichora kwa chaki ya kijani, ambayo ukiwa nyuma ya pazia huioni. Akili nyingi hiyo kwa vifaa vya darasa la kwanza!

Kazi ya kwanza ilikuwa fumbo. Jeshi la majini lilikuwa linaamini kwamba nyambizi inapiga torpedo kutoka nje ya msafara, kwa mbali. Kwa hiyo meli ikilipuliwa, wasindikizaji walikuwa wanakimbilia nje kumtafuta adui. Hawamwoni. Kapteni akawa anasoma ripoti, anaona meli zilizopigwa zilikuwa katikati kabisa ya msafara. Inawezekanaje torpedo ipite meli zote za pembeni, iende kuchagua ya katikati?

Alikaa na wasichana wawili wakicheza upya mapigano yale yale sakafuni. Hawa nawataja, sheria ya ukurasa inisamehe: Jean Laidlaw, miaka 21, na Janet Okell, wa rika hilo hilo. Wakasogeza huku, wakasogeza kule, wakapima umbali, wakajaribu kila namna. Jibu likawa moja tu, na lilikuwa la kutisha. Nyambizi ilikuwa ndani ya msafara.

Iliingiaje? Kwa nyuma. Usiku, ikiwa juu ya maji, kwa sababu juu ya maji ina kasi kuliko msafara. Wote walikuwa wanaangalia mbele na pembeni, nyuma hakuangalii mtu. Inajipenyeza kati ya mistari ya meli, inapiga, kisha inazama chini na kutulia, msafara unaipita juu. Wakati wasindikizaji wanahangaika huko nje na tochi zao, mwizi yuko sebuleni amekaa kwenye kochi.

Basi wakatafuta dawa hapo hapo sakafuni. Meli ikipigwa, wasindikizaji wasikimbilie nje. Warudi nyuma ya msafara, wajipange kwa mstari, wachane yale maji ambayo msafara umeyaacha, maana mwizi atatokea huko. Jean akaipa mbinu hiyo jina Raspberry. Kwa Waingereza hiyo ni ile sauti ya kufyatua kwa ulimi na midomo ukimzomea mtu. Yaani ni kama kumwambia Hitler: toka hapa! Binti wa miaka 21 ameweka msonyo kwenye nyaraka rasmi za vita.

Bosi mkuu wa eneo hilo, admeri, alikuja kuangalia na wasaidizi wake. Inasimuliwa kwamba alikuja amenuna. Alikuwa haamini kwamba kuchezea chaki kutamfundisha kitu mtu wa bahari. Wakamwonyesha. Alipoondoka alikuwa mtu mwingine, na Raspberry ikatumwa kwenye meli.

Halafu yakaanza mafunzo. Kila wiki maofisa walikuwa wanakuja Derby House, Waingereza, Wakanada, Wanorwe, Wapolandi, watu ambao wiki iliyopita walikuwa wanaona wenzao wanaungua baharini. Wanaingia chumbani, wanakuta nyuma ya pazia kuna msichana. Jaribu kupata picha. Una ndevu za chumvi, umepona kifo mara mbili, halafu binti ambaye hajawahi kupanda meli ya kivita anakunong'oneza, "Afande, labda ungejaribu kugeuza sasa hivi." Wapo walionuna. Lakini mchezo hauna adabu za kinafiki: usipogeuza, baada ya raundi mbili chaki ya kijani iko chini ya tumbo lako. Mpaka vita vinaisha, karibu maofisa 5,000 walipita kwenye ile sakafu.

Novemba 1942 akaja bosi mpya. Huyu alikuwa mzee wa nyambizi mwenyewe, aliziendesha Vita vya Kwanza vya Dunia na akapata jina kubwa. Inasimuliwa kwamba akataka kucheza, yeye awe nyambizi. Akapigwa. Akarudia, akapigwa. Mara tano. Akaanza kuhisi anaibiwa, akataka kumjua huyo ofisa aliyekuwa upande wa pili. Wakamletea Janet Okell.

Usidhani hizi ni habari za bahari ya mbali isiyotuhusu. Mwaka 1942 sehemu kubwa ya meli za kivita za Uingereza za Bahari ya Hindi ilihamia Kilindini, Mombasa, na Wren walikuwepo hapo pia. Februari 1944 msafara ulitoka Kilindini kwenda Colombo, ukiwa na meli ya abiria Khedive Ismail. Ndani yake kulikuwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki karibu 1,000, vijana wa huku kwetu, na manesi, na Wren. Tarehe 12 Februari nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na Maldivi. Ilizama ndani ya dakika chache tu. Walikufa watu 1,297, na 77 kati yao walikuwa wanawake. Wasindikizaji waliwinda ile nyambizi na kurusha mabomu ya chini ya maji wakati manusura bado wanaelea hapo. Nikisoma habari za mabinti wa chaki huwa naikumbuka meli hii, kwa sababu kile walichokuwa wanakichora sakafuni ndicho hiki. Kila kijimeli cha kuchezea kina watu.

Kule Atlantiki mambo yaligeuka Mei 1943. Mwezi huo mmoja Wajerumani walipoteza nyambizi zaidi ya 40, na kamanda wao akaziondoa nyingi Atlantiki ya kaskazini. Sitawadanganya kwamba ni chaki peke yake. Kulikuwa na rada mpya, ndege za masafa marefu, wavunja siri za maandishi, meli zaidi. Lakini wale manahodha waliozizamisha, wengi walikuwa wameshapiga magoti pale Liverpool.

Vita vikaisha mwaka 1945, kitengo kikafungwa. Kapteni alikuwa ameshapewa nishani yake. Inasemekana alipokwenda Ujerumani kuhoji maofisa wa nyambizi, aliikuta picha yake imebandikwa ukutani kwenye makao yao, imeandikwa kwamba huyu ndiye adui yenu. Picha za mabinti hazikuwepo. Hata adui hakujua awaogope kina nani. Wao walirudi makwao, kazi ilikuwa ya siri, wengi wakakaa nayo moyoni miaka na miaka.

Hapo ndipo kwangu stori inaanza kuuma.

Maana miaka tisa baadaye, 1954, kijana mmoja wa Marekani anatoa mchezo wa vita wa kuuzwa kwa watu wa kawaida, unaitwa Tactics. Mwaka 1958 anaanzisha kampuni, Avalon Hill. Mchezo unapata mashabiki, unapata klabu, unapata majarida. Na klabu zinajaa wanaume. Kufika miaka ya 1970, wachapishaji wa Marekani walipowauliza wasomaji wao, wanawake hawakufika hata mmoja kati ya 100. Kizazi kimoja tu baada ya Janet kumpiga admeri mara tano, watu wanakaa wanajadili kwa umakini kabisa kama kichwa cha mwanamke kinaweza kuelewa mchezo wa vita.

Halafu angalia sheria zenyewe. Mwaka 1974 kwenye klabu hizo hizo za michezo ya vita kulizaliwa Dungeons & Dragons, ule wa mashujaa na madubwana, mnaujua kwa Stranger Things. Askari kwenye ule mchezo aliitwa mwanaume mpiganaji, tangu jina mlango umefungwa. Mwaka 1978 kitabu kipya kikaweka ukomo: mhusika wa kike nguvu zake haziwezi kufika za mwanaume, hata dadu ikikuangukia vizuri namna gani. Ukimuuliza mtu anakwambia ni uhalisia. Uhalisia! Joka linaruka na kutema moto, sawa. Mchawi anarusha radi kwa vidole, sawa. Dada akinyanyua shoka zito, hapo ndipo tunaleta vitabu vya baiolojia. Ukomo huo uliondolewa kwenye toleo la 1989. Na ule mchezo ulipata wachezaji wengi wa kike kuliko ndugu zake wa ramani na mizinga. Kwangu mimi hivyo vitu viwili vina undugu.

Warhammer 40,000, ule maarufu wa vita vya anga za mbali, ulitoka 1987. Jeshi lake la wanawake, Sisters of Battle, lilipata kitabu chake 1997. Lakini visanamu vyao vilibaki vya chuma, vya zamani, mpaka mwishoni mwa 2019 ndipo wakatoka kwa plastiki, wakati majeshi ya kiume yanapata plastiki mpya kila kukicha. Zaidi ya miaka 20 dada anasubiri nguo mpya, na bado unamuuliza mbona haji kwenye sherehe.

Mwaka 2020 kampuni yenyewe, Games Workshop, ilitoa tamko kwamba mchezo ni wa kila mtu, na asiyetaka hivyo aende, hatakumbukwa. Maneno mazito. Lakini Aprili 2024 ikatoa kitabu ambamo mlinzi mmoja wa mfalme, kikosi ambacho mashabiki walizoea kukiona cha kiume, ni mwanamke. Intaneti iliwaka. Watu wazima, wenye kazi na watoto, wanalia kwamba historia imechafuliwa. Historia ya mwaka 40,000! Haijatokea hata.

Ndiyo maana nasema tatizo halijawahi kuwa wasichana hawapendi. Kaa kwenye kijiwe chochote cha bao au drafti mtaani, uone msichana akisimama kuangalia. Kelele zinapungua. Mmoja anamwuliza anamtafuta nani. Mwingine anamwita shemeji. Hakuna aliyemfukuza, lakini dakika ya tatu ameshaondoka. Klabu za Ulaya na Marekani wanawake wanasimulia yale yale kwa lugha nyingine: ukiingia dukani wanakuuliza unamnunulia nani zawadi. Ukisema unacheza wewe, wanakupa mtihani wa maswali ambao mvulana hapewi. Ukikosea sheria ni kwa sababu ni mwanamke, ukishinda ni dadu. Na yule mmoja anayeshikashika mabega ya watu, kila mtu anamjua, hakuna anayemwambia kitu kwa sababu ni mwana wa siku nyingi.

Klabu zilizobadilika hazikufanya miujiza. Rangi ya waridi kwenye boksi haijasaidia mtu. Zimeandika kanuni za tabia na kumpa mtu kazi ya kuzisimamia, na yule mwana wa siku nyingi akikosea anatolewa kama mwingine. Zimeweka siku za kufundisha ambapo kutojua sheria ni kawaida. Zimeleta visanamu vya kike vilivyovaa deraya kamili, siyo sidiria ya chuma (ni nani anaenda vitani tumbo wazi?). Na mwenye meza akiona sura mpya anasogeza kiti na kusema, chukua upande huu, nitakuelekeza. Basi. Ndicho alichofanya yule kapteni mgonjwa mwaka 1942. Hakuwapima mabinti kwanza. Aliwapa chaki na tatizo la kweli.

Watu wanaotengeneza michezo ya vita kikazi, wa majeshi na vyuo, nao mwaka 2020 walitoa ahadi ya kupinga ubaguzi wa kijinsia na wa rangi kwenye fani yao na kuwapa nafasi waliokuwa wanaachwa nje. Waliiita Derby House Principles, kwa jina la lile jengo la Liverpool. Jengo bado lipo, makao ya vita ya chini yamekuwa makumbusho, ukienda unaingia kwa tiketi.

Haya, komenti ziko wazi. Mzee wa nyambizi aliyepigwa mara tano ni nani? Na yule mwandishi wa kitabu cha 1913? Wa kwanza kupatia wote wawili nitampandisha juu. Ila ukiandika "wanawake hawawezi strateji", andika na matokeo yako dhidi ya Janet.